Siku mbili mlimani, juu ya jangwa la Arizona

Wengi mnauliza: ninyi wa Tucson mnaishi jangwani, sasa watu wa jangwani wanapumzika wapi? Jibu litawachekesha. Wanapanda mlima ulio katikati ya jangwa lile lile, wanakodi kanyumba mbali na watu, na wanalipa feza ili wasisikie sauti ya mtu!

Mlima wenyewe unaitwa Mount Lemmon, urefu wake karibu mita 2,790. Mji wa Tucson uko chini, kwenye mita 700 na kidogo. Mwezi wa sita joto la mjini linapita digrii 40, lakini kule juu linapungua kwa digrii 10 hadi 15. Barabara ni ya lami, inapinda-pinda kama kilomita 40. Mwanzoni unaona saguaro, ule mti wa miiba mrefu kuliko nyumba, ambao unaweza kungoja miaka 50 au zaidi mbele ya kutoa mkono wa kwanza. Ukiendelea kupanda, saguaro zinaisha, inaanza misonobari na baridi. Watoto wakaomba masweta. Bibi yangu akasema: kumbe hii ni Dowa ya mwezi wa saba!

Lakini mbele ya kwenda tulibishana. Nyumba ilikuwa dola 140 kwa usiku. Bibi yangu aliuliza: "Baba, feza hiyo mama huko kambini angekula nayo siku ngapi?" Ni swali la haki, na kila familia iliyohamia huku inalijua. Tulipatana hivi: kwanza tunatuma ya mama kama kila mwezi, kisha tunaweka dola chache kila wiki kwenye kopo. Shemeji na familia yake wakaingia, tukagawana bei nusu kwa nusu. Ilichukua miezi mitano. Mimi nafanya kazi ya usiku, bibi ya mchana, tulikuwa tunaonana mlangoni tu. Siku hizo mbili tulikula mezani pamoja, watu wazima wanne na watoto saba.

Kwa wale ambao siku moja watakodi nyumba namna hiyo, popote pale, haya yatawasaidia:

Ulizeni bei yote kamili. Juu ya bei ya usiku kuna ya usafi na kodi ya serikali, na mara nyingi inaonekana mwishoni.

Semeni ukweli wa hesabu ya watu, na watoto ni watu. Mwenye nyumba anaweza kuwatoa.

Beba maji mengi ndani ya gari na ujaze petroli mjini. Njiani rezo ya simu inakatika, basi acha habari kwa jirani: tunakwenda wapi, tunarudi lini.

Chakula na takataka visilale nje. Kule juu kuna dubu. Chini kuna nyoka ambaye anatikisa mkia kama kayamba. Ukimsikia, simama, kisha rudi nyuma polepole.

Moto wa nje ulizia kwanza. Mwaka 2003 moto uliunguza nyumba zaidi ya 300 kule juu, na mwaka 2020 mlima ukaungua tena.

Mvua ya mwezi wa saba ikianza, usivuke mto mkavu. Maji yanashuka kwa ghafla.

Njiani kuna mahali ambapo tulisimama muda mrefu. Barabara ile ilianza kujengwa mwaka 1933, na waliovunja mawe ni wafungwa. Kambi yao ilikuwa palepale mlimani. Imebaki misingi ya majengo. Mmoja wao aliitwa Gordon Hirabayashi, Mmarekani wa asili ya Japani. Wakati wa vita, serikali ilipeleka kambini watu zaidi ya 110,000 wa asili hiyo, wengi wao raia wa kuzaliwa. Yeye alikataa, mwaka 1942, akahukumiwa. Serikali haikutaka kulipa nauli yake, basi akaomba lifti za magari zaidi ya kilomita 2,000 mpaka gerezani. Alipofika, karatasi zake hazikuonekana! Wakamwambia arudi baadaye. Mwaka 1987 mahakama ikawa imemfutia hatia, na mwaka 1999 mahali pale pakapewa jina lake.

Nilipowasomea watoto kibao, mkubwa akasema: "Papa, Dzaleka pia ilikuwa gereza." Ni kweli, ilikuwa gereza la siasa wakati wa Banda, mbele ya kuwa kambi mwaka 1994. Yeye alizaliwa hapo. Shemeji alicheka sana juu ya zile karatasi, kisha akanyamaza. Ndugu yake ni mmoja wa wale waliomaliza mahojiano yote, safari ikasimamishwa Januari 2025.

Hatuna neno kubwa la kuwaambia ninyi mnaongoja. Ya mama tunaendelea kutuma, na kopo liko tena juu ya kabati. Safari hii ni la ndugu ya shemeji, kwa ada ya shule ya watoto wake.

Mungu awalinde. Tuandikieni.