Bunduki ya Dubu

Alaska watu hawakuulizi kama utabeba kitu. Wanakuuliza utabeba nini. Nilifika Fairbanks kusomea udongo, ule wa chini uliokaa umeganda maelfu ya miaka, na kabla wiki mbili kuisha nilikuwa nimepewa ushauri wa bunduki na msimamizi wangu, na jirani wa hosteli, na mzee wa duka aliyekuwa ananipimia gambuti. Kila mtu na yake. Ni kama kuuliza Nairobi upande matatu gani kwenda Rongai: utajibiwa kwa moto, hesabu baadaye.

Sababu ni kazi yetu ya kiangazi. Ndege ndogo ingetushusha kando ya mto kaskazini mwa milima ya Brooks, mimi na msimamizi wangu, wawili tu, tuchimbe udongo siku tisa. Huko kuna dubu wa kahawia. Wa ndani ya bara ni wadogo kuliko wenzao wa pwani wanaonenepa kwa samaki, lakini huyo "mdogo" anaweza kupita kilo 200, na akiamua kukimbia anafika kilomita 50 kwa saa. Mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili na kidogo. Jaribu kutoa simu mfukoni kwa sekunde mbili, halafu urudi tuendelee.

Sasa, menyu. Jirani alikuwa mtu wa bastola, rivolva ya .44 Magnum, kwa sababu inakaa kifuani na mikono inabaki huru kuchimba. Wenye umri mdogo kidogo wanapenda Glock 20 ya milimita 10, inayoingia risasi 15. Mzee wa duka alizicheka zote mbili. Yeye ni wa .375 H&H, risasi iliyotoka London mwaka 1912, ambayo wazungu walikuja nayo kwetu kuulia nyati na ndovu. Nilishangaa kukutana nayo huko, kama kukutana na mtu wa kijijini kwenu uwanja wa ndege. Msimamizi wangu, kama watafiti wengi, alikuwa na shotigani ya kukoki kwa mkono, geji 12, isiyotiwa marisawa bali risasi moja nzito. Si ghali, na haina mambo mengi. Na ni kweli uzito una maana: mwaka 1983 idara ya misitu ya Marekani ilichapisha majaribio ya risasi kwa umbali mfupi, na bunduki ndefu za risasi nzito ndizo zilizotangulia.

Aliniuliza kama nitajifunza kuibeba, ili tuwe wawili.

Kuna sheria hapo, na inachekesha. Mwanafunzi mwenye viza kama yangu hukatazwa na sheria ya Marekani kumiliki au hata kushika bunduki, ila kwa vipengele vichache, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Yaani mimi, mtoto wa nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nilitakiwa niwe mwindaji kwenye karatasi ndipo niruhusiwe kujiokoa. Leseni yenyewe ungeipata kwa intaneti ukinywa chai.

Lakini leseni haikuwa ndiyo iliyonizuia. Mimi ni wa Laikipia. Anko wangu alikuwa askari wa akiba, na bunduki ya serikali, Mark 4 ya zamani, ilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake kama fimbo. Hakuna aliyeniambia bunduki ni kitu kibaya. Tulilala vizuri kwa sababu iko pale. Tulilala vibaya pia kwa sababu iko pale, maana wezi wa mifugo walijua nyumba yenye bunduki ni ya kuanza nayo. Hayo mawili sikuwahi kuyatenganisha na bado sijaweza.

Ndovu walipoingia shambani, anko alipiga hewani. Siku za kwanza walikimbia. Baadaye walizoea, wakawa wanainua vichwa tu na kuendelea na mahindi yetu. Kilichowasumbua zaidi kilikuja na watu wa mradi: pilipili iliyosagwa, ikachanganywa na oili chafu, ikapakwa kwenye kamba kuzunguka shamba. Haikuwa dawa ya kila usiku. Mvua ikinyesha unapaka upya, na pilipili yenyewe ni pesa. Ila niliona kwa macho yangu ndovu dume akinusa ile kamba na kugeuka, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko limewaka.

Kwa hiyo nilipofunguliwa kopo la dawa ya dubu na kuambiwa ndani ni ukali wa pilipili, nilicheka kwa sauti. Hii naijua!

Nikasoma. Utafiti wa Alaska wa mwaka 2008 ulipitia visa 83 vya dawa hiyo. Kwa dubu wa kahawia ilisimamisha tabia mbaya mara 92 katika 100. Mwaka 2012 baadhi ya watafiti walewale wakatazama bunduki, visa 269: bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu 76, na waliofyatua hawakuumia kidogo kuliko waliokuwa nayo bila kufyatua. Wapenzi wa bunduki hulalamika kwamba visa havilingani, kwamba wengi waliopuliziwa pilipili walikuwa dubu wadadisi tu, si wenye hasira. Wana hoja. Mwaka 2010, miezi michache baada ya bunduki kuruhusiwa kubebwa katika hifadhi za taifa, watu wawili pale Denali walikabiliwa na dubu, mmoja akapiga risasi tisa za bastola ya .45. Dubu akarudi vichakani akafa, wao wakapona. Siwezi kumwambia mtu yule alikosea.

Tena ukimuua dubu kujiokoa, Alaska inataka umchune, upeleke fuvu na ngozi yenye makucha kwa serikali, ujaze fomu. Umenusurika, mikono inatetemeka, halafu unatafuta kisu.

Lililoamua ni swali nililomuuliza msimamizi jioni moja tukifunga mizigo: "Dubu akiwa juu yako, unataka nishike nini?"

Alinyamaza kidogo. Shotigani ikimkosa dubu inampata yeye. Pilipili inawapata wote wawili, na yeye ataamka.

"Kopo," akasema.

Basi tukagawana. Yeye shotigani, anayoijua kwa miaka, mimi kopo kiunoni, mkono wa kulia. Nilifanya mazoezi na kopo tupu hadi kibanio cha usalama kikawa kinatoka bila kuangalia. Mama nilimwambia kwenye WhatsApp kwamba nabeba pilipili. Akajibu, "Wewe msichana, hiyo si ya mboga?" Rubani naye hakutaka makopo ndani ya ndege, likifyatuka angani yeye hataona mbele. Aliyafunga nje, kwenye nguzo ya bawa.

Siku ya sita dubu alitokea kwenye ukingo wa mto, mita 60 hivi. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, kumaanisha pilipili ingeturudia sisi kwanza. Kibanio nilikuwa nimeshatoa. Msimamizi alikuwa ameinua mtutu, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuuona. Tulirudi nyuma hatua moja moja, mimi nikiongea, maana walitufundisha uongee kwa utulivu ajue wewe ni mtu. Kiingereza kilinitoroka chote. Dubu alishuka chini, akatutazama tena, akakata kona kwenye vichaka vya mierebi.

"Ulikuwa unamwambia nini?" akaniuliza baadaye.

"Kwamba mahindi bado hayajakomaa."

Tulichimba hadi saa nne usiku, jua bado liko juu, yeye akigeuka kila dakika na mimi nikigeuka kila alipoacha.