Land Rover ya babu ilivyopanda Usambara

Watu wengi wanaijua Mombo kwa dakika kumi tu. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanaegesha, wauza machungwa na mahindi ya kuchemsha wanakimbilia madirishani, abiria wananyoosha miguu, safari inaendelea. Anayekwenda Lushoto ndiye anayeiacha barabara kuu hapa. Nyuma yake kuna joto la tambarare na mashamba ya mkonge. Mbele yake milima ya Usambara Magharibi imesimama kama ukuta, na barabara nyembamba ya lami inajikunja kilomita 30 na kitu kupitia Soni.

Jumamosi moja ya likizo ya Juni, saa nne asubuhi, Land Rover ya kijani iliingia Mombo ikitoa mvuke puani. Ndani walikuwamo baba, mama, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 7. Walikuwa wametoka Tanga baada ya sala ya alfajiri, na hadi Korogwe mambo yalikuwa shwari.

Gari lenyewe ni Series III ya mwaka 1978, chesisi ndefu, injini ya petroli ya lita 2.25. Babu alilitumia miaka mingi kuteremsha matenga ya kabichi na plamu kutoka Lushoto. Alipofariki, likakaa miaka miwili uani kwa mwanawe mkubwa huko Tanga, kuku wakitagia kwenye siti ya nyuma. Baba wadogo wawili walitaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kila mtu apate chake. Bibi, aliyebaki Lushoto, hakutaka hata kuyasikia maneno hayo. Kikao cha ukoo kiliisha kwa sharti: likipanda hadi Lushoto kwa magurudumu yake lenyewe, linabaki kwa bibi, likivutwa, linauzwa.

Kwa hiyo mvuke ule wa Mombo haukuwa jambo dogo.

Wiki moja kabla, gereji moja ya mjini ilikuwa imelishughulikia. Maji yalikuwa yakidondoka chini ya pampu ya maji, wakabadilisha pampu. Oili nayo ilikuwa ikidondoka katikati, injini inapokutana na geaboksi. Wakafunga boliti kwenye tundu lililokuwa likitoa matone, na matone yakakoma. Baba alilipa na kurudi nyumbani amefurahi.

Sasa, pale Mombo, alipofungua boneti tu kijana wake akawahi na kitambaa mkononi, amsaidie kufungua mfuniko wa rejeta.

"We kijana! Toa mkono hapo!"

Sauti ilitoka chini ya mwarobaini, kwa mzee aliyekalia rimu kuukuu, ovaroli yake imelowa oili ya miaka. Kijana akaganda.

Mzee alikuwa na haki ya kufoka. Maji ya rejeta yenye moto yamebanwa na mfuniko, na kwa kubanwa huko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua, yanageuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Mzazi mwenye gari, liwe jipya au kuukuu, amfundishe mtoto jambo hili kabla hajamfundisha kuosha vioo.

"Shikamoo babu," binti alisema, amejificha nyuma ya mama yake.

"Marahaba mjukuu wangu. Njooni kivulini. Ipoe kwanza, ndipo tuongee nayo."

Walikaa karibu saa nzima. Mama alinunua machungwa, kisha akaenda nyuma ya gari kuchukua maji ya kunywa. Huko alikuta kitu kilichomtoa jasho kuliko joto la Mombo: chupa ya soda iliyojaa kulanti ya kijani, imelala katikati ya juisi za watoto. Baba alikuwa ameimimina humo isichukue nafasi. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, kemikali yenye utamu wa sukari na sumu kali. Kiasi kidogo tu kinaweza kuharibu figo za mtoto au kumuua. Baba hakuwa na la kujitetea. Chupa iliandikwa SUMU kwa kalamu ya fundi na kufungiwa ndani ya boksi la spana. Katika makosa yote ya siku ile, hili ndilo lililokuwa kubwa, na nyumba ngapi hata leo zina mafuta ya taa au dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda?

Injini ilipopoa, fundi hakugusa spana. Alichukua matambara akafuta kila kitu mbele ya injini hadi kikakauka: mipira ya maji, nyumba ya thamostati, pampu mpya. Kisha akamtuma binti na kaka yake dukani wakanunue robo kilo ya unga wa ngano. Binti alidhani ni wa chapati. Mzee akaupaka mwembamba juu ya maungio yote, akajaza maji polepole, akafunga mfuniko, akawasimamisha watoto mbali na feni, ndipo akamwambia baba awashe.

Dakika kadhaa zilipita. Halafu juu ya ule weupe ukatokea mstari mweusi. Ulianzia chini ya klempu ya mpira wa juu, ukateremka kwenye nyumba ya thamostati, ukapita juu ya pampu na kudondokea chini yake.

"Maji hayatoboki pale yanapodondokea," fundi alisema. "Mtafute anapoanzia safari."

Pampu mpya haikuwa na kosa, na yumkini ile ya zamani pia haikuwa nalo. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya mhimili wake, kilichowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yanatokea hapo. Ukiona kitundu hicho kimelowa, au ukiitikisa feni injini ikiwa imezimwa nayo ikacheza, hapo pampu imekwisha. Kitundu hiki kilikuwa kikavu. Gereji iliona tone, haikuuliza limetoka wapi.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Ncha ya mpira ilikuwa imekakamaa na kupasuka chini ya klempu. Fundi alikata sentimita mbili, mpira ukabaki na urefu wa kutosha, akasugua kutu kwa msasa pale unapovaliwa, akafunga klempu mpya. Mfuniko wa rejeta nao ulibadilishwa, kwani raba yake ilikuwa ngumu kama ganda la nazi. Kwa safari ya Tanga mfuniko kama huo unaweza kuvumilika. Kwa kupanda mlima hapana, maana kadiri unavyokwenda juu maji huchemka mapema zaidi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko sufuria ya maji inachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Rejeta isiyobanwa vizuri inakuwa sufuria.

Ikabaki oili. Mzee alitandika boksi, akajilaza chini ya gari, na baada ya muda wakasikia anacheka.

Tundu lile lililofungwa boliti liko chini ya nyumba ya klachi. Kiwanda kililiacha wazi ili oili inayopenya kwenye sili ya nyuma ya injini, au ya mbele ya geaboksi, itoke nje. Kizibo huwekwa tu gari linapovuka maji ya kina, kisha kinatolewa. Kulifunga moja kwa moja ni kuificha oili ndani, iitafute klachi. Baba ndipo akakumbuka: baada ya Korogwe, kwenye kilima kimoja, injini ilinguruma lakini mwendo haukuongezeka.

Boliti ilipotoka, kikatoka karibu kikombe cha chai cha oili nyeusi. Fundi aliisugua kwa vidole, akainusa. Oili ya geaboksi ni nzito na inanuka kama yai viza. Hii ilikuwa nyepesi, na harufu ya kuungua. Ya injini.

Akarudi tena juu, akachomoa mfuniko wa kujazia oili. Kwenye Series III injini hupumua kupitia wavu ulio ndani ya mfuniko huo, na huu ulikuwa umeziba kwa masizi. Pumzi ikikosa njia, inaisukuma oili popote penye gasketi dhaifu. Uliogeshwa kwa petroli, ukakaushwa, ukarudishwa. Malipo hayakugharimu hata senti. Sili ya nyuma yenyewe imechoka, na kuibadilisha lazima geaboksi ishuke.

"Hiyo haifanyiki barabarani," mzee aliwaambia. "Itadondosha kidogo. Beba lita mbili, pima kwa kijiti Soni, pima tena ukifika. Na usikalie klachi."

Jumla ya kazi yake haikufikia bei ya ile pampu.

Waliondoka saa nane. Barabara ya Soni haimpi dereva nafasi ya kujizoesha. Inaanza kupanda mara moja, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori ya mboga yalikuwa yakiteremka yakipiga honi kila kona. Baba alishika gia ya pili. Mama hakuangalia bonde wala mlima, macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Kwenye kona moja kali klachi iliteleza, injini ikalia, gari likasita. Baba aliachia mafuta, akashusha gia, na hakuna aliyesema neno hadi magurudumu yaliposhika tena.

Soni walisimama karibu na maporomoko. Watoto walikwenda kuyatazama na mama yao; baba alitumbukiza kijiti. Oili ilikuwa imeshuka kidogo tu. Mpira wa maji, mkavu. Kuanzia hapo hewa ikawa ya baridi, mikaratusi ikaanza kunukia, na binti akadai sweta.

Bibi aliisikia injini kabla hajaliona gari. Alikuwa amesimama barabarani walipofika, khanga mabegani. Kijana alipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Baba mdogo mmoja alikaa kimya. Mwingine alijibu kwa neno moja: "Sawa."

Usiku ule kijana alitandika boksi chini ya gari kama mzee alivyofanya Mombo. Asubuhi alilivuta akampelekea bibi. Mbele, palipo na rejeta, palikuwa pakavu. Katikati palikuwa na madoa matatu meusi, kila moja kama sarafu.

"Hata babu yako alikuwa analitandikia," bibi alisema, akalirudisha boksi kwa mjukuu na kuuliza lini watampeleka gulioni.