Mtumbwi gani wa kurudi nao Mweru?

Annexe, hapa Lubumbashi, iko mbali na Mweru. Hata hivyo, mvuvi mmoja aliyekimbia vita upande wa Pweto, ambaye leo anauza makala, anatafuta chombo cha kumrudisha kazini.

Kijana wake alimwonyesha kwenye simu picha za boti za Marekani: usukani uko katikati, mtu anazunguka pande zote akivuta samaki. Mzee alizipenda, na ana haki. Nafasi ya kuzunguka ni jambo kubwa usiku, wakati taa zinawaka na chisense wanapanda. Lakini boti ya namna ile ikipasuka kule Kilwa, nani ataishona? Mbao, kila fundi wa ufukweni anazijua.

Tena Mweru si maji ya aina moja. Kusini, Luapula inapoingia, kina ni kifupi. Mtumbwi mzito utakwama. Kaskazini kuna kina, na upepo hauombi ruhusa.

Mama watoto ana swali lake: “Baba, ukinunua motere, nyumba tutalipa na nini?” Basi wamepatana: kwanza mtumbwi mpana wa mbao, nyuma yake pawe imara, motere itafuata.

Mdogo wake yuko Kilwa anaukagua mmoja. Ameagizwa aulaze majini usiku mzima, asubuhi apime maji yaliyoingia. Kisha watu watatu wakae upande mmoja, aone unavyoinama. Pesa zitabaki Annexe mpaka apige simu.