Vijiko Viwili vya Ngano



Juma hili nawakaribisha jikoni. Najua wapo watakaotabasamu, hasa wanakwaya wanaoukumbuka wali niliowapikia siku ya somo wa parokia. Hata hivyo, sababu ya kuandika ni nzito. Jumanne iliyopita alinijia mama mmoja akiwa na karatasi ya daktari mkononi. Binti yake, aliyekuwa akikonda na kuharisha kwa muda mrefu, amekutwa na ugonjwa wa siliaki. Ni ugonjwa ambao mwili huushambulia utumbo wake wenyewe kila mgonjwa alapo gluteni, yaani ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike. Imo katika ngano, katika shayiri na katika rai, na tiba yake hadi leo ni kuviacha vyakula hivyo kabisa, maisha yote. Mama akaniuliza, “Padre, siku ya Komunyo ya Kwanza wenzake watakata keki. Huyu wangu atakula nini?” Ameniruhusu niandike habari hii, bila jina.

Sikumjibu mara moja, maana swali lake lilinirudisha mbali.

Nilipokuwa masomoni Marekani, mwaka 2015, nilisaidia huduma wakati wa likizo katika parokia moja ya jimbo la Iowa, si mbali na mji wa Cedar Rapids, wenye kinu kikubwa cha oti. (Hapa kwetu wengi huiita oti kwa jina la shayiri. Kwa mgonjwa wa siliaki kosa hilo si dogo, kwani shayiri hasa, ile inayotengenezewa bia, ni mojawapo ya nafaka alizokatazwa.) Jirani na nyumba ya mapadre aliishi bibi mmoja mjane aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa miaka kumi. Mtoto huyo alikuwa na siliaki.

Kwa upande wa altare nilijiona mjuzi. Seminarini tulifundishwa Kanuni ya 924, kwamba mkate wa Ekaristi sharti uwe wa ngano tupu. Tulisoma pia barua ya Roma ya mwaka 2003 isemayo kwamba hostia isiyo na gluteni hata chembe si halali, ila yenye gluteni kidogo yatosha, na asiyeweza hata hiyo apokee katika umbo la divai peke yake. Kwa hiyo kila Jumapili nilimtengea yule mtoto kikombe chake, kisichodondoshewa kipande cha hostia. Nililifanya jambo hilo kwa uangalifu mkubwa, na nikiri kwamba nilijivunia kidogo.

Kisha Jumamosi moja bibi akaniita nimsaidie kuoka pai ya matufaha. Ganda la pai, lile la chini linaloshika matunda, wenzetu hulifanya kwa unga wa ngano uliokandwa na siagi na kusukumwa kama chapati. Bibi alilifanya kwa oti. Alichukua kikombe kimoja na nusu cha oti bapa, nusu yake akaisaga iwe unga, nusu akaiacha kama ilivyo. Akatia theluthi moja ya kikombe ya sukari ya kahawia, nusu kijiko cha chai cha chumvi, mdalasini kidogo, na vijiko sita vya mezani vya siagi iliyoyeyushwa. Mchanganyiko huo hausukumwi, kwa kuwa hauna kitu cha kuuvuta; hutiwa katika bati la sentimita 23 na kukandamizwa kwa kitako cha bilauri, chini na ubavuni.

Simu ikalia, bibi akatoka, akaniacha nikandamize. Ganda likawa linamomonyoka ubavuni. Nililirudishia, likaanguka tena. Juu ya rafu palikuwa na mfuko wa unga wa ngano aliouweka kwa ajili ya wageni. Nikawaza: vijiko viwili tu, ndani ya pai nzima, vitamdhuru nani? Nikatia. Ganda likashika vizuri, na bibi aliporudi akanisifu. Sikusema neno.

Kesho yake, baada ya Misa, tulikula pamoja. Jioni mtoto akaanza kutapika, akilia kwa maumivu ya tumbo, na bibi akakaa naye chooni hadi usiku wa manane, akijiuliza ni kitu gani alichokosea yeye. Hilo ndilo lililonivunja: alijilaumu mwenyewe. Asubuhi nilikwenda kumwambia ukweli.

Hakunikaripia. Alikwenda jikoni, akatupa mwiko wa mti niliotumia, kwa kuwa mti hunywa, akausugua ule bati kwa maji ya moto, akanipa oti. “Sasa tengeneza wewe,” akasema, akakaa kitini kunitazama. Likimomonyoka, akanieleza, ongeza kijiko cha siagi au ute wa yai moja, kisha lioke kwa nyuzi 180 dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, uliache lipoe kabisa kabla ya kuligusa. Likiwa moto hulegea. Likipoa, siagi na sukari hugandamana na kulishika. Kumbe kosa langu lilikuwa haraka! Mtoto alipona baada ya siku chache, lakini kwa wiki tatu hakula chochote kilichopita mkononi mwangu. Kikombe altareni alikipokea kama kawaida. Biskuti mezani alikataa.

Baadaye nilisoma habari za Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliyaweka matokeo yake katika tasnifu. Kabla ya hapo wazazi wangapi walijilaumu kama yule bibi!

Basi, mama nilimjibu hivi. Oti ya kawaida haifai, kwa kuwa shambani, katika lori na kinuni huchanganyika na ngano. Atafute pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni, na amwulize daktari kwanza, maana wapo wagonjwa wachache wasioivumilia hata oti safi. Matufaha kwetu ni ghali, hivyo tutajaza maembe yaliyopikwa kwa sukari na ndimu, yakakazwa kwa wanga wa mahindi. Masista wametupa oveni yao Jumamosi ijayo saa nane. Anayetaka kujifunza aje na bati jipya na mwiko mpya, na unga wa ngano tafadhali auache nyumbani.

Ni mimi, Paroko wenu.