Kwa Zuhura, aliyeanza kazi kwenye duka la miwani

Mpwangu Zuhura,

Mama yako ameniambia umepata kazi kwenye duka la miwani huko Moshi, nami nimefurahi kwelikweli, kwani ndiyo kazi iliyonilea mpaka nikastaafu. Neno langu kubwa ni hili: daktari akishapima, macho ya mteja yamo mikononi mwako. Cheti kinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini lenzi ikikaa vibaya mtu atapata kizunguzungu, na miwani itaishia kabatini.

Basi jifunze kupima umbali wa mboni kwa rula kabla hujazoea mashine. Kaeni uso kwa uso, macho yenu usawa mmoja, kama sentimita 40 hivi. Fumba jicho lako la kulia, mwambie aangalie la kushoto, uweke sifuri kwenye mboni yake ya kulia. Kisha fumbua la kulia, fumba la kushoto, aangalie hilo lililo wazi, ndipo usome rula kwenye mboni yake ya kushoto. Rula isicheze. Rudia tena. Mwenye namba ndogo huenda asihisi ukikosea milimita 2. Mwenye lenzi ya minasi 8, yaani asiyeona mbali, atashinda anaumwa kichwa.

Waliofika miaka 40 watakujia wakinyoosha mkono ili wasome simu. Waulize wanafanya kazi gani. Fundi cherehani huinamia sindano, seremala hutazama ubao ulio mbali zaidi. Miwani ya mmoja haitamfaa mwenzake hata wakiwa umri mmoja. Mwambie daktari hayo kabla hajapima. Na mzee asiyejua kusoma usimwaibishe, ipo chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, yeye anaonyesha kwa mkono tu inakoelekea.

Kwenye fremu utasukumwa uuze za bei kubwa. Mwenye minasi kali mpe fremu ndogo, maana lenzi yake hunenepa pembeni na ikiwa pana itamlemea puani. Mwambie hivyo hata kama hiyo ndogo ndiyo rahisi. Hilo nalishikilia sana, mwanangu, kwa sababu wengine wanaoingia hapo wamechangiwa na ndugu.

Tena si kila anayeingia ni wa kuuziwa miwani. Akisema ameona vimulimuli ghafla, vitone vyeusi vingi, au kama pazia limeshuka upande mmoja, ni hospitali siku hiyohiyo. Jicho jekundu linalouma, vivyo hivyo. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe kwenye picha, usimwambie mama yake arudi wiki ijayo. Huenda ni saratani ya jicho, nayo hutibika ikiwahiwa. Hospitali ya KCMC ipo hapo hapo Moshi. Ugonjwa usimtajie, hiyo ni kazi ya daktari. Wewe mwandikie karatasi ya rufaa, piga simu kliniki ya macho kwamba anakuja, na kama hana nauli zungumza na mwenye duka kabla hajatoka mlangoni.

Mjomba wako