Kerneli mbichi kwa saiba ya watu

Wasee, leo wacha niseme ukweli kuhusu siku nilizima saiba ya mtu Kayole. Ilikuwa Juni 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani za KRA. Ukichelewa, faini ni Sh2,000. Foleni ilikuwa imefika kwa ngazi.

Mashine za hapo ni nne, zote ex-UK, na Ubuntu nilikuwa nimeziwekea mwenyewe. Mimi ndiye yule niliacha chuo mwaka wa pili lakini mtaa bado unaniita injinia. Sifa hizo ziliniponza. Usiku wa kuamkia hiyo siku nilipachika kerneli mpya kwa zote nne. Na haikuwa toleo kamili, ilikuwa rc.

Kama hujui, kerneli ndiyo huongea na vifaa vya mashine: diski, skrini, waifai. Linus Torvalds hutoa rc karibu kila Jumapili, kama saba hivi, watu wajaribu na waripoti makosa, halafu ndiyo toleo kamili litoke. Yaani rc ni ugali bado uko jikoni. Kuonja unaweza. Kupakulia wageni ni stori ingine.

Asubuhi mashine ziliwaka poa, lakini waifai hakuna. Zile adapta ndogo tulinunua Luthuli hutumia draiva ambayo haimo ndani ya kerneli. Lazima ijengwe upya kila kerneli ikibadilika, na kwa hii mpya ilikataa kabisa. Kawaida unawasha tena, unachagua kerneli ya zamani kwa menyu, maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa nimeifuta. Eti diski zimejaa.

Nilirudisha ya zamani kwa bando za simu yangu na waya wa USB, mashine moja moja, hadi saa nane mchana. Kuna mzee mmoja wa boda aliangalia saa, akaniangalia mimi, akaenda bila kusema kitu. Hiyo ndiyo iliniuma.

Na bado nilikuwa na bahati. Septemba 2008, kerneli 2.6.27 ikiwa bado rc, iliingia kwa matoleo ya majaribio ya Ubuntu, Fedora na openSUSE, ikaharibu kumbukumbu ya kadi za mtandao za Intel. Kurudisha kerneli ya zamani hakukusaidia, kadi ishakufa. Na kosa lilipatikana mbali na draiva ya kadi, kwa ftrace, kifaa cha kufuatilia kerneli inafanya nini.

Sasa Agosti 2024 Ubuntu walitangaza kwamba matoleo yao yatabeba kerneli mpya zaidi iliyopo, hata kama siku ya kufunga bado ni rc. Naelewa, mwenye laptopu ya mwezi huu anaihitaji. Lakini ex-UK ya miaka minane inatafuta nini kwa kerneli ya jana? Mimi nilitaka tu namba kubwa kwa skrini.

Mama wa saiba hakunifukuza. Alichukua karatasi, akaandika MBOVU, akaibandika kwa mashine ya nne. "Kijana wangu, hii ndiyo yako ya kuchezea."