Brashi, kalamu na ubao: tawasifu za watu wa kazi katika Katanga

Katika Katanga, tawasifu ya mtu wa kazi haikuanza na kitabu. Ilianza na ubao wa mti uliofunikwa shanga, ikapita katika kijitabu cha wapishi na maboi wa zamani, ikafika kwa mchoraji mmoja aliyepaka historia ya nchi nzima juu ya magunia ya unga. Njia hiyo inafuatika vizuri mtu akianzia Kaniama, upande ambako jimbo la Haut-Lomami linapakana na nchi ya Kasai.

Kaniama iko kwenye reli. Njia ya kampuni ya reli ya BCK, iliyofunguliwa mwaka 1928, iliunganisha Bukama na Ilebo, bandari ya mto Kasai iliyoitwa wakati ule Port-Francqui. Ilipita Kamina, Kaniama, Mwene-Ditu na Kananga. Kwa kampuni ilikuwa njia ya kusafirishia shaba. Kwa watu wa bara ilikuwa njia ya kwenda kutafuta kazi. Kampuni ya machimbo ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na reli yenyewe ilihitaji mikono pia. Waluba wa Kasai, Wakanyok na Waluba wa Katanga walipanda treni wakashuka Kamina, Likasi na Lubumbashi, ambayo Wabelgiji waliiita Élisabethville. Huko walikuta Kiswahili kikiwa lugha ya kambi, ya karakana, ya msimamizi na ya jikoni kwa mzungu. Ndiyo maana masimulizi ya kazi katika eneo hili yameandikwa kwa Kiswahili hata na watu walionyonya Kiluba, Kikanyok au Tshiluba. Ni Kiswahili chenye Kifaransa kingi ndani yake, na wenyewe hawakuona haya kukitumia. Walikiandika kama walivyokisema.

Lakini kabla ya kalamu kulikuwa na lukasa. Huu ni ubao wa mti unaoenea mkononi, mwembamba katikati na mpana kidogo kwenye ncha, uliotobolewa na kuchongwa, ukapachikwa shanga na simbi. Mtu wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia kutoka shanga moja hadi nyingine, huku akisimulia wafalme wa Waluba, safari zao, mahali patakatifu na vyeo vya watu wa baraza. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ingeweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ungeweza kuwa njia. Msimuliaji hakusoma neno kwa neno. Ubao ulimpa mpangilio, naye akatoa maneno kulingana na hadhira na shughuli ya siku ile, kwa hiyo ubao mmoja ungeweza kusemwa kwa namna mbalimbali na mabingwa wawili bila mmoja wao kuwa mwongo. Hili ni jambo la kushikwa, kwa sababu linarudi kwa wote waliokuja baadaye: kumbukumbu hapa ni kazi ya mkono kwanza, na hadithi huzaliwa pale mkono unapogusa kitu mbele ya msikilizaji.

Kazi ya mji ilileta aina nyingine ya msimuliaji. Mwaka 1965, huko Lubumbashi, André Yav aliandika kijitabu kinachoitwa Vocabulaire de ville de Élisabethville. Jina ni la Kifaransa, matini ni Kiswahili cha Katanga, na kilitolewa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani: maboi na wapishi wa wazungu. Kinasimulia mji tangu enzi za mfalme Leopold II hadi baada ya uhuru, lakini kwa macho ya mtu anayefua, anayepika, anayefungua mlango na kusikia kila kinachosemwa mezani. Humo mabwana wana majina waliyopewa na watumishi wao, na mambo makubwa ya siasa yanakaa jirani na habari za mshahara na posho. Watu wengi waliosoma wangekipuuza kwa tahajia yake na kwa sentensi zisizo na vituo. Wangekosea sana. Ni vigumu kupata maandishi mengine ya Kiswahili ya wakati ule ambamo wafanyakazi wa nyumbani wanajitungia wenyewe historia ya mji waliouhudumia, wakasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa kijitabu hicho Tshibumba Kanda Matulu alikuwa kijana wa miaka 18. Alizaliwa mwaka 1947, wa ukoo wa Waluba wa Kasai, akakulia katika Katanga ya machimbo. Hakupita chuo cha sanaa. Lubumbashi ilikuwa na karakana ya sanaa tangu mwaka 1946, ile iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés, ambako Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walipata sifa kwa picha za ndege, samaki na wanyama zilizonunuliwa zaidi na wazungu. Tshibumba alikuwa wa kundi jingine kabisa, la wachoraji wa mitaani. Hao walichora kwa ajili ya majirani, wakabeba picha kwapani na kupita nazo nyumba kwa nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Gunia la pamba lililobeba unga lilifuliwa, likatandazwa na kukazwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa rangi ya chini, kisha picha ikaanza. Mnunuzi alijua anachotaka. Wengi walitaka Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki anayekaa kando ya maji na kumtajirisha anayefanya naye mapatano. Wengine walitaka picha iliyoitwa Colonie belge: uani mwa gereza, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ameinua fimbo, ofisa wa Kibelgiji anasimamia na kiko mdomoni, na wanawake wamekuja na chakula cha wafungwa. Picha kama hiyo ilitundikwa sebuleni, juu ya viti na redio, ikaitwa ukumbusho. Wageni walipoingia, baba wa nyumba aliielekezea kidole na kuanza kueleza mambo ya zamani. Mchoraji aliishi kwa kurudia picha zilezile mara nyingi, kwani familia ya pili ilitaka ileile iliyo kwa jirani. Msanii wa leo anaweza kuona kurudia huko ni kukosa ubunifu. Ukweli ni kwamba ndiko kulikomfunza Tshibumba kipi kinakaa katika kumbukumbu ya watu na kipi hakikai.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika nyumbani kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba alikuwa na wazo ambalo soko la mtaani halikuweza kulilipia: kuchora historia yote ya nchi, tangu wahenga hadi wakati wao. Fabian alimtia moyo na kununua. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja Tshibumba, aliyekuwa akiishi Kipushi na familia yake, alirudi mara kwa mara na picha mpya, akazipanga kwa mfuatano, akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Zilifika takriban picha 100.

Ukubwa wa mradi huo unaonekana katika kile alichothubutu kuweka ndani yake. Yumo Mreno Diogo Cão akikutana na mfalme wa Kongo. Wamo Livingstone na Stanley. Yumo Msiri, mfalme wa Garenganze, aliyeuawa mwezi Desemba 1891 na kapteni Bodson, ambaye naye alikufa kwa risasi katika tukio hilohilo. Yumo nabii Simon Kimbangu. Umo mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, walipodai mshahara wakapigwa risasi uwanjani Lubumbashi. Hapa mchoraji alikuwa akisimulia yale ambayo wazee wa kambi walikuwa wakiyasema kwa sauti ya chini. Kisha unakuja uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga siku 11 baadaye, na mateso ya Waluba wa Kasai waliofukuzwa majumbani mwao katika miji ya shaba. Kwa mtu wa Kaniama sehemu hiyo haihitaji maelezo, kwa kuwa treni zilizowarudisha Kasai zilipita hapo, na zikapita tena mwaka 1992 na 1993 kufukuzwa kulipotokea mara ya pili.

Picha inayostahili kuangaliwa kwa utulivu ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba cha tarehe 17 Januari 1961, aliyoiita Kalvari ya Afrika kwa Kifaransa. Lumumba amelala chini pamoja na wenzake, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Nyuma, kwenye upeo wa macho, kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwake inatiririka ardhini na kuandika neno umoja kwa Kifaransa. Hakuna mpiga picha aliyekuwapo usiku ule, na mchoraji alikuwa mtoto wa miaka 13. Hata hivyo picha hii haidanganyi. Inaeleza jinsi watu wa kawaida wa Katanga, ambamo mauaji yalitendeka, walivyokielewa kifo hicho walipokiweka karibu na Injili waliyofundishwa misheni.

Tshibumba alijitambulisha kuwa mwanahistoria. Alisema hivyo kwa uzito wote, na haki ilikuwa yake. Vyanzo vyake vilikuwa vitabu vya shule, redio, magazeti, masimulizi ya wazee na yale aliyoyaona mwenyewe. Lakini juu ya vyote aliweka kuwaza. Katika mazungumzo yale, mawazo ndiyo yanayotangulia brashi: mchoraji hukaa na jambo, hulizungusha, hujiuliza lilikuwaje, na picha huja baada ya hapo. Maelezo haya ya namna ubunifu unavyozaliwa hayapungui thamani mbele ya yale ya vyuoni, na yametolewa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa akitafuta fedha ya unga wa watoto wake.

Fedha hiyo haikudumu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, vita vya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, vikaja mwaka 1977 na 1978, na familia zilizokuwa zikinunua picha zikabaki na kazi ya kununua chakula. Tshibumba aliendelea kuchora, na aliandika pia historia ya Zaire, jina la Kongo la wakati ule, kwa mkono, kwa Kifaransa, kwa ajili ya mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Kitabu cha Fabian chenye picha na mazungumzo yao, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996.

Maandishi ya mkono ya Tshibumba yalikuja kuchunguzwa na Jan Blommaert katika kitabu cha mwaka 2008 kuhusu uandishi wa watu wa kawaida wa Afrika ya Kati, sambamba na ya mtu anayeitwa humo Julien. Huyu alikuwa boi wa zamani katika Katanga. Bibi wa Kibelgiji aliyemtumikia alikuwa amekwisha kurudi kwao, naye Julien akamwandikia masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Hakuandika mara moja. Yapo matoleo matatu, na kila toleo linajitahidi kupanga miaka, kazi na safari kwa utaratibu ulio bora kuliko wa lililotangulia. Kwa mtu asiye na daftari za zamani, asiye na gazeti wala maktaba karibu, kukumbuka mwaka ni kazi ngumu kama kulima. Tofauti kati ya matoleo zinaonyesha akili inayojisahihisha, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uandishi popote duniani.

Watu wa Mbudye, Yav, Tshibumba na Julien hawakujuana, lakini hali zao zinafanana kwa jambo moja lisilopendeza. Yale ya watatu wa mwisho yametufikia kwa sababu mtu wa mbali aliyauliza, akayanunua au akayatunza. Mbao nyingi za lukasa ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Picha za Tshibumba alizonunua Fabian ziko katika jumba la makumbusho la Amsterdam lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Kwa bahati njema, mazungumzo yake na kijitabu cha Yav vimewekwa pia kwenye intaneti kwa Kiswahili chao chenyewe, bila kunyooshwa, na mwenye simu pale Kaniama anaweza kuvisoma bila kumwomba mtu ruhusa.

Yanayobaki hayahitaji mtafiti kutoka nje. Vijana waliopokea uhuru wa 1960 wakiwa vibarua wa reli, mafundi wa karakana, washonaji na wapishi sasa wamepita miaka 80. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani achukue daftari, aketi naye, amwombe atoe kitambulisho chake cha kazi, picha za zamani na zana alizozishika, aanze na mwaka alioajiriwa, na aandike Kiswahili anachokisikia, kama kinavyosemwa.